Shamba la Anathothi

Mwaka 587 KK mji wa Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Njaa ilishaanza kuuma ndani ya kuta. Nabii Yeremia alikuwa kizuizini katika uwanda wa walinzi, ndani ya makao ya mfalme Sedekia, kwa kosa la kusema hadharani kwamba mji utaanguka na mfalme atachukuliwa mateka. Akiwa humo akajiwa na mgeni: Hanameli, mtoto wa ndugu wa baba yake. Hanameli hakuja kumjulia hali. Alikuja kuuza shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa Anathothi, kijiji alikozaliwa Yeremia, si mbali na Yerusalemu kwa miguu, lakini nje ya kuta, kule waliko askari wa Babeli. Kwa sheria ya Wayahudi ardhi ya ukoo haikutakiwa kwenda kwa mtu baki, na ndugu wa karibu ndiye aliyekuwa na haki ya kuikomboa. Haki, lakini, si lazima. Dalali yeyote wa viwanja, wa Yerusalemu ya wakati ule au wa Kasulu ya leo, angemshauri Yeremia amwambie ndugu yake asubiri kwanza vita viishe.

Yeremia alinunua. Sura ya 32 ya kitabu chake inaeleza mauziano hayo hatua kwa hatua, kwa uangalifu wa karani wa ardhi. Shekeli 17 za fedha, karibu gramu 200, zilipimwa kwenye mizani. Hati iliandikwa, nakala moja ikafungwa kwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi ili isomeke. Mashahidi walitia sahihi. Hati zote mbili akakabidhiwa Baruku, mwandishi wake, mbele ya watu waliokuwa wameketi pale uwandani, na akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Sababu ilitolewa hapo hapo: wakati utafika ambapo nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Baada ya kulipa ndipo Yeremia akaomba, na sala yake si ya mtu aliyetulia. Anamweleza Mungu kwamba adui ameshajenga maboma hadi ukutani, kwamba upanga, njaa na tauni vimeushika mji, na juu ya hayo yote yeye ameambiwa atoe fedha anunue shamba mbele ya mashahidi. Ameshatoa pesa, sasa anauliza amenunua nini.

Maandiko ya Kiyahudi, yale ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale, yamejaa watu wa aina hii. Kumtumaini Mungu, kwao, hakungoji moyo utulie. Mtu anapanda, anachimba, anajenga au ananunua, huku akiwa bado anauliza na kulalamika, wakati mwingine kwa maneno makali. Imani hiyo ina mikono na ina mdomo. Pengine ndiyo maana inaeleweka upesi mahali ambapo watu wameishi wakisubiri mwaka hadi mwaka, na Tanzania ina mahali pa namna hiyo.

Nyanda za juu za Kigoma

Kutoka Kasulu kupanda Kibondo hadi Kakonko ni nchi ya Waha: vilima, misitu ya miombo, migomba, mahindi, maharage na mihogo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Burundi iko jirani. Wakimbizi walianza kuingia kwa wingi mwaka 1972, yalipotokea mauaji ya Wahutu nchini Burundi. Waliingia tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mwaka 1996 vita vya Kongo viliwavusha Ziwa Tanganyika watu wa Kivu Kusini, na Novemba mwaka huo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kwa wenyeji wa kata za Kasulu kama Makere na Kitanga, habari za wakimbizi si za redioni. Ni za sokoni, za zahanati, za kuni na za barabara.

Miaka hiyo kambi zilikuwa nyingi: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Kanembwa, Nduta, Mtendeli na Karago upande wa Kibondo. Moja baada ya nyingine zilifungwa Warundi walipoanza kurudi kwao. Ya mwisho kwa Warundi ilikuwa Mtabila, iliyofungwa Desemba 2012.

Haikupita miaka mitatu. Aprili 2015 ilipotangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza atagombea muhula wa tatu, Burundi ikachafuka. Maelfu kwa maelfu walishukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua mamia kwa kila safari na kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapanda mabasi hadi Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka, kikaua watu zaidi ya 30 kabla ya kudhibitiwa. Oktoba 2015 Nduta ilifunguliwa upya, na Januari 2016 Mtendeli ikafuata. Kufikia mwaka 2017 kambi hizo tatu zilikuwa na Warundi na Wakongo wapatao 320,000.

Wengi wao ni Wakristo, wa madhehebu ya kila namna, na Waislamu wapo. Wakongo huabudu kwa Kiswahili, Warundi kwa Kirundi. Makanisa ni ya tofali za udongo, mengine yameezekwa kwa turubai. Kasulu yenyewe ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana tangu mwaka 1966, kwa hiyo Biblia haikuja na wakimbizi; ilikuwapo. Lakini kitabu cha Kutoka kinasimulia watu walioondoka usiku, wakiwa wamefunga vyombo vya kukandia mabegani na unga ambao haujapata kuchachuka. Kwa aliyefika Kagunga na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, habari hiyo haihitaji mhubiri wa kuifafanua.

Barua ya kwenda Babeli

Miaka kadhaa kabla ya kununua shamba la Anathothi, Yeremia alikuwa ameshaandika barua iliyowaudhi watu. Mwaka 597 KK Nebukadreza alikuwa amemchukua mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawahamishia Babeli. Swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa moja: tutarudi lini?

Nabii Hanania alikuwa na jibu tamu. Alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vitarudi, na mfalme pamoja nao. Yeremia alimjibu kwa adabu kwamba naye angefurahi mambo yawe hivyo. Hanania akaivua nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni kama ishara, akaivunja mbele ya umati, na Yeremia akaenda zake. Baadaye alirudi na ujumbe mwingine, na barua yake kwa waliohamishwa ikataja hesabu isiyopendeza masikioni: miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba wakae humo. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe na kuoza. Wautakie amani mji waliopelekwa na kuuombea, kwa sababu ukiwa na amani nao watakuwa na amani.

Mmoja wa waliohamishwa, Shemaya, alikasirika kiasi cha kuandika Yerusalemu akitaka Yeremia atiwe mkatale. Hasira yake inaeleweka. Kuambiwa upande mti wa matunda ugenini ni kuambiwa kwamba utakuwapo siku ya kuuvuna.

Historia inaonyesha kwamba wengi waliifuata barua hiyo, au walifanya mambo yale yale bila kuisoma. Vipo vibao vya udongo karibu 200, vya kati ya mwaka 572 na 477 KK, vilivyoandikwa katika vijiji vya Babeli walimokaa wahamishwa. Kijiji kimojawapo kiliitwa kwa jina la Yuda. Vibao vinazungumzia kodi, mashamba ya kukodi, shayiri, tende, ng'ombe na madeni. Ndani yake hakuna hata zaburi moja. Ila majina ya wakopaji na wakopeshaji yamebeba jina la Mungu wa Israeli, baba hadi mjukuu, hati baada ya hati.

Huko Kigoma maneno ya Yeremia yanakutana na sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini, na kutoka kunahitaji kibali. Shamba la ekari kadhaa halimo katika mpango. Kilichobaki ni kipande cha ardhi kati ya nyumba na nyumba, na hapo ndipo bustani zilipo: mchicha, matembele, nyanya, mara nyingine gunia lililojazwa udongo na kutobolewa ubavuni ili mboga zitoke kila upande. Gunia la namna hiyo halichukui nafasi zaidi ya ndoo kubwa, na maji yake ni yale yaliyosuuzia vyombo. Tangu mwaka 2017 Warundi wamekuwa wakirudishwa kwa hiari, na mtu anayepanda mboga hajui kama jina lake litakuwamo katika msafara wa mwezi ujao. Anapanda hata hivyo. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa sasa ni mtu mzima wa kuwa na watoto wake.

Mana na mgao

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Waisraeli wako jangwani mwezi mmoja tu baada ya kutoka Misri, na chakula kimekwisha. Mana inashuka usiku na kuokotwa asubuhi. Kipimo ni omeri moja kwa kila kichwa, yapata lita mbili. Aliyeokota nyingi hakuzidi, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kuweka akiba ya kesho waliikuta imeingia funza na kunuka. Siku ya sita tu ndipo walipookota kipimo mara mbili, kwa ajili ya Sabato.

Ni funzo gumu kwa watu waliotoka Misri, nchi ya maghala. Mtumwa aliyezoea kuiona nafaka ya Farao imejaa hadi paa anaambiwa alale bila kitu kabatini na aamini kwamba kesho kutakuwa na kitu. Kila asubuhi ilikuwa mtihani upya, na kwa mujibu wa Maandiko mtihani huo ulidumu miaka 40.

Anayeishi kwa mgao anaijua hali hiyo kutoka upande wake. Katika kambi za Kigoma chakula hutolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani: unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi na unga wa uji wa lishe, kwa hesabu ya watu walioandikwa kwenye kadi. Lengo ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Agosti 2017, fedha za wahisani zilipopungua, mgao ulishushwa hadi asilimia 62 ya kiwango hicho. Mwaka 2023 ulishuka hadi nusu. Tofauti na mana iko wazi: ya jangwani haikupungua kwa sababu ya bajeti. Familia zenye watoto wengi hazikuweza kungoja asubuhi. Zilipunguza milo, zikauza nguo, zikatafuta vibarua.

Maandiko hayawafichi wanaolalamika. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, watu wameichoka mana. Wanakumbuka samaki wa Misri waliokula bure, matango, matikiti, mboga za majani, vitunguu na vitunguu saumu. Orodha ni ndefu na ya kina, kama inavyokuwa orodha ya mtu mwenye hamu. Musa mwenyewe anamgeukia Mungu na kumuuliza kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hao wote, na anaomba afe kuliko kuendelea. Mungu anakasirika na watu, lakini Musa hakemewi kwa kusema hayo. Anapewa wazee 70 wa kumsaidia kubeba mzigo.

Kitabu cha Zaburi kinakwenda mbali zaidi. Sehemu kubwa ya zaburi zake 150 ni maombolezo: mtu anamdai Mungu, anamuuliza kwa nini amejificha, hadi lini. Nyingi zinageuka mwishoni na kuingia katika shukrani. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza katika taabu na kumalizikia gizani. Waliokusanya kitabu hicho wangeweza kuiacha nje, wakaiweka ndani pamoja na nyingine, iimbwe.

Na mgao una ushahidi wake katika historia ya Babeli. Wachimbaji wa Kijerumani walipofukua jumba la Nebukadreza mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta vibao vya ghala vinavyoorodhesha mafuta yaliyotolewa kwa watu walioshikiliwa huko. Kibao kimoja, cha mwaka 592 KK hivi, kinamtaja Yekonia, mfalme wa Yuda, na wanawe watano. Mrithi wa kiti cha Daudi alikuwa jina katika daftari la mgao, na mafuta yake yalipimwa kama ya wengine.

Sala na sululu

Imani inayotenda inaweza kueleweka vibaya kwa njia mbili. Wapo wanaotenda na kumsahau Mungu, na wapo wanaomtaja Mungu ili wasitende. Habari za mfalme Hezekia zinagusa pande zote mbili.

Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru aliingia Yuda. Kumbukumbu zake mwenyewe, zilizochongwa kwenye mche wa udongo, zinajisifu kwa kuteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu. Hezekia alipopokea barua ya vitisho alipanda hekaluni, akaikunjua mbele za Mungu, akaomba. Wahubiri wa Afrika Mashariki wanaipenda sana sehemu hiyo.

Sehemu isiyohubiriwa sana iko chini ya ardhi. Kabla ya kuzingirwa, Hezekia aliamuru lichongwe handaki katika mwamba ili kuyaingiza maji ya chemchemi ya Gihoni ndani ya mji. Lina urefu wa mita 533, limepinda kama herufi S, na mtu anaweza kulipita leo maji yakimfika magotini. Vikundi viwili vya wachimbaji vilianza kutoka pande mbili na kukutana katikati. Maandishi ya Kiebrania yaliyogunduliwa ukutani mwaka 1880 yanaeleza jinsi kila upande ulivyosikia sauti za wenzao ndani ya mwamba, na jinsi sululu zilivyogongana. Nabii Isaya, aliyekuwa rafiki wa mfalme, hakuridhika. Katika sura ya 22 anawakemea watu wa mji kwa kushughulikia maji na kuta bila kumtazama aliyeyafanya hayo tangu zamani.

Lakini Isaya huyo huyo, Hezekia alipougua jipu na kukaribia kufa, hakuishia kwenye sala. Aliagiza uletwe mkate wa tini ukawekwe juu ya jipu. Sala, ahadi ya Mungu na dawa ya kubandika vimo katika sura moja, ya 20 ya Wafalme wa Pili, na mwandishi hakuona haja ya kuvitenganisha. Juni 2015, baada ya kipindupindu cha Kagunga, watu wa Nyarugusu walipanga foleni kupokea chanjo ya kumeza. Wengi wa waliokuwa katika foleni hiyo ndio hao waliojaza makanisa Jumapili.

Gangama, chini ya Mlima Elgon

Si wote waliokubaliana na Isaya juu ya dawa. Uganda ya mwaka 1914 ilishuhudia kuzuka kwa kanisa la Malaki Musajjakawa, lililokataa hospitali na chanjo kwa hoja kwamba Mungu pekee ndiye mponyaji. Miongoni mwa waliojiunga nalo alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda mwenye jina kubwa kuliko wote wa wakati wake. Ni yeye aliyeongoza majeshi yaliyoitwaa Uganda ya mashariki na kuiweka chini ya Waingereza, naye ndiye mwanzilishi wa mji wa Mbale. Alitarajia kufanywa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimpunguzia madaraka kidogo kidogo, hadi akajitenga Gangama, chini ya Mlima Elgon, akasoma.

Biblia nzima ilikuwa imetoka kwa Kiganda mwaka 1896. Kakungulu aliisoma kwa jicho la mwanajeshi: amri ni amri. Aliona kwamba agano la Abrahamu lilikuwa na tohara, na kwamba Sabato ilikuwa siku ya saba. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, alitahiriwa yeye na wanawe. Wenzake wa kanisa la Malaki walimwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Basi, alijibu, yeye ni Myahudi, na waliomfuata wakajulikana kama Abayudaya.

Hakukuwa na mmisionari wa Kiyahudi aliyewaleta katika imani hiyo. Mfanyabiashara mmoja Myahudi aliyeitwa Yusufu alipita karibu mwaka 1920, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vya halali. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha sala na maagizo kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928, na kundi lake likabaki bila jemadari, bila fedha na bila rabi.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa Idi Amin. Baada ya kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1972, alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa. Wengi waligeukia Ukristo au Uislamu, na jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ikabaki na wapatao 300. Hao walisali majumbani kwa sauti ya chini, au vichakani na mapangoni. Hawakuwa na handaki la kuchimba wala shamba la kununua. Kazi yao ilikuwa kutahiri mtoto wa kiume siku ya nane, kula siku ya Sabato chakula kilichopikwa Ijumaa, na kuwafundisha watoto nyimbo bila kitabu.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliyafukuza, likavuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jioni ya siku hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilianza Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani Misri.

Askari wa Tanzania hawakwenda Kampala kwa ajili ya Abayudaya, na wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia kwamba wapo. Kwa wazee wa Mbale hilo halikupunguza kitu. Katika Maandiko yao Mungu alimtumia Koreshi Mwajemi kuwafungua wahamishwa wa Babeli, ingawa Isaya anasema wazi kwamba Koreshi hakumjua Mungu huyo.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya miaka. Vijana walijikusanya upya miaka ya 1980 katika kilima cha Nabugoye. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwapokea rasmi mamia yao katika Uyahudi. Mwaka 2004 mkulima JJ Keki alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, unaowaunganisha Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa vilima hivyo. Gershom Sizomu alisomea urabi Marekani, akahitimu mwaka 2008, akarudi, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake walio wengi si Wayahudi.

Waliorudi na waliobaki

Babeli ilianguka mbele ya Koreshi mwaka 539 KK, na mwaka uliofuata wahamishwa waliruhusiwa kurudi. Si wote waliotaka. Wazee walioikumbuka Yerusalemu walikuwa wachache. Watoto na wajukuu walikuwa na mashamba ya tende, madeni na wakwe huko huko. Waliobaki hawakuhesabiwa kuwa wameasi. Kati ya wazao wao, yapata miaka elfu moja baadaye, ndimo ilimokusanywa Talmudi ya Babeli, ambayo Wayahudi wanaisoma mpaka leo. Jamii yao iliishi Iraki hadi miaka ya 1950 na 1951, ambapo Wayahudi wapatao 120,000 walisafirishwa kwa ndege kwenda Israeli katika operesheni iliyopewa jina la Ezra na Nehemia.

Kambi za Kasulu na Kibondo nazo zimegawanyika njia tatu. Zaidi ya Warundi 100,000 wamerudi kwao tangu mwaka 2017, na Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu wamepelekwa Marekani. Wengine bado wapo. Wanaorudi Burundi hukuta mara nyingi kwamba ardhi yao ina mtu mwingine juu yake. Serikali ya huko iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kwa ajili ya migogoro hiyo, na mbele ya tume hiyo aliyeshika karatasi alisikilizwa upesi kuliko asiyekuwa nayo.

Kitabu cha Ezra kinaijua shida hiyo. Sura ya 2 ni orodha ya waliorudi: watu 42,360, na mifugo imehesabiwa pia, farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435, punda 6,720. Katikati ya hesabu hizo kuna koo tatu za makuhani, za Habaya, Hakosi na Barzilai, zilizotafuta majina yao katika vitabu vya nasaba zisiyaone. Gavana alizizuia kula vitu vitakatifu hadi atakapopatikana kuhani wa kuamua kwa Urimu na Thumimu, vifaa vya kumwuliza Mungu. Miaka karibu 90 baadaye Nehemia alipojenga upya kuta za Yerusalemu aliandika nani alijenga wapi, kipande kwa kipande. Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, ametajwa mara mbili: kwanza upande wa Lango la Samaki, kisha kutoka mlango wa nyumba ya Eliashibu, kuhani mkuu, hadi mwisho wa nyumba hiyo.